Kambi Iliyotugharimu Mlango

Ashukuriwe Mungu aliye hai, aliyeniamsha leo katika chumba changu hapa Soweto West, Kibera, akaniachia macho ya kuona karatasi na mkono wa kushika kalamu. Alinilisha utamu, akanilisha na uchungu, na vyote viwili vimenifikisha uzeeni nikiwa na akili timamu. Ninaloandika hapa nimelibeba tangu nikiwa msichana wa darasa la sita, na huenda ningezikwa nalo kama tusingemzika Nyokabi mwezi uliopita. Ni habari yake zaidi kuliko yangu. Mimi nilipoteza mlango. Yeye alipoteza sauti.

Kila Agosti shule zikifungwa, mimi na kina mama wenzangu wa kanisa letu dogo huwachukua watoto wa hapa mtaani, tukaenda nao kambini kwa wiki moja, mahali penye nyasi. Ni kazi niliyoifanya kwa miaka mingi, na kila mwaka kuna mzazi anayenishika mkono mlangoni na kuniuliza: "Shosho, sasa huyu mtoto atarudi na nini kutoka huko?" Huwa namjibu kwamba atarudi na kikohozi na wimbo mpya. Wanacheka, wananiachia mtoto. Hilo ni jibu la mlangoni. Jibu lenyewe ni refu, na mzazi akilisikia lote huenda akamrudisha mtoto ndani. Maana kambi niliyoenda mimi ilikuwa katili, na watu walioiendesha walikuwa waombaji, na mpaka leo namshukuru Mungu kwamba nilienda.

Tulikuwa tunaishi Kongo, upande wa Kawangware, katika ploti ya Mzee Njuguna: vyumba vya mabati vilivyopangwa kuzunguka uwanja wa udongo, na nyumba yake ya mawe mbele, ikitazama barabara. Mzee Njuguna alikuwa mzee wa kanisa. Nyokabi alikuwa bintiye, wa darasa langu, na kati ya uwanja wetu na nyumba yao palikuwa na ua wa michongoma ambao sisi watoto wa wapangaji hatukuruhusiwa kuuvuka. Yeye aliuvuka. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja chumbani kwetu na birika kubwa la chai, la bati lililopakwa rangi ya buluu, akasimama mlangoni bila kusema neno. Mama alilipokea, akalijaza busaa, pombe ya nafaka, kutoka kwenye pipa lililokuwa nyuma ya pazia, akalifunika kwa kitambaa cheupe kilichofumwa maua pembeni. Nyokabi alirudi nalo kwa mikono miwili, polepole, na mtu yeyote aliyemwona alisema huyo mtoto ana adabu, anampelekea baba yake chai. Mama alikuwa na sheria moja katika biashara hiyo, na alinifundisha kabla sijajua kusuka nywele zangu mwenyewe: mteja hatajwi. Si kwa jirani, si kwa polisi, si kanisani.

Kambi ilikuwa katika shule ya bweni huko juu Limuru, katikati ya mashamba ya chai, ambako Agosti ukungu hauondoki mpaka karibu na chakula cha mchana. Watoto wa wenye ploti walikuja na masanduku. Sisi wa wapangaji tulichukuliwa kwa hisani, na tulikumbushwa hivyo kabla ya kila mlo. Msimamizi wa wasichana, tuliyemwita Dada Jerusha, aliinua mikono juu ya masufuria ya githeri na kuomba: "Bwana, wakumbuke hawa ambao kwao hakuna." Ukifungua jicho kidogo, uliona macho mengine yamefunguka, yakitutafuta hawa ambao kwao hakuna. Siku ya kwanza nilitumwa jikoni kurudisha vikombe, nikamsikia akimwambia mpishi: "Hao wa Kongo uwakatie mkate nusu. Ukiwapa mzima watazoea, halafu nani atawapa huko kwao?" Mpishi akasema sawa, Dada. Dada Jerusha hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepanga kuni. Nimefikiri juu ya ile nusu ya mkate maisha yangu yote, kwa sababu ilikuwa na siagi mpaka ukingoni, na ilikuwa mkate mtamu kuliko wowote niliokuwa nimekula, na nilimchukia Dada Jerusha huku nikilamba vidole.

Sweta langu lilikuwa na harufu. Mwaka mzima liling'inia kwenye kamba iliyopita juu ya pipa la mama, likanywa mvuke wa kimea na unga uliokaangwa, na pale Limuru, katika bweni lenye harufu ya sabuni, lilisimama kama mtu wa ziada. Msichana mmoja mrefu kutoka Gatina, mtaa jirani na wetu, ndiye aliyeanza, akinusa hewa huku ameshika pua.

"Nani amekuja na machicha humu ndani?"

Machicha ni yale makapi yanayobaki busaa ikishakamuliwa. Bweni zima lilijua.

"Si huyo wa Kongo!"

"Weh, msiwashe kiberiti karibu naye, tutaungua sote."

"Machicha, umelipa renti ya kitanda? Usipolipa baba ya Nyokabi anakuja kung'oa mlango!"

Walicheka mpaka wakalala chali vitandani. Nyokabi naye alicheka, akichelewa kidogo nyuma ya wengine. Ilikuwa desturi ya wenye ploti wa Kawangware, na nasikia haijaisha, kwamba mpangaji asiyetakiwa hafukuzwi kwa maneno. Mwenye ploti anakuja na fundi, anang'oa mlango, anauchukua, anakuacha na shimo. Hakuna aliyekuambia uondoke. Utaondoka mwenyewe. Wao walikuwa watoto wa milango, sisi tulikuwa watoto wa mashimo, na utani wao ulitoka pale pale.

Siku iliyofuata sweta langu lilipatikana ndani ya pipa la makombo ya nguruwe. Nilimpelekea Dada Jerusha likiwa linachuruzika. Alilitazama, akajizuia, akashindwa, akacheka. "Angalau sasa limebadilisha harufu," akasema, kisha akaniambia nikalifue kwenye bomba na nisiwe na kinyongo, kwa sababu kinyongo ni dhambi. Nilifua. Lilikaa siku zote zilizobaki bila kukauka.

Sasa, kambi ile ilikuwa na utaratibu wake. Kila mtoto alipewa mwenzi wa sala, na wenzi walilala kitanda kimoja, waliunganisha blanketi, walipewa zamu moja ya kazi. Dada Jerusha ndiye aliyewapanga, na sijui kama ni kwa hekima au kwa kutojali, alinipanga na Nyokabi. Blanketi langu lilikuwa jembamba kama leso. Lake lilikuwa zito, la sufu, na lilikuwa na harufu ya nyumba ya mawe. Hakusema karibu wala sogea. Alilitandaza juu yetu sote wawili, akageukia ukutani. Mgongo wake ulikuwa wa moto. Mimi niliyenyimwa sweta nililala vizuri kuliko nilivyowahi kulala Kongo.

Zamu yetu ilikuwa kuchagua maharagwe. Tulikaa juu ya magunia nyuma ya jiko, asubuhi, moshi ukitupita kichwani, tukitoa kokoto na kuzitupa kwenye nyasi. Kisha Nyokabi akauliza bila kuinua kichwa:

"Kwa nini huwaambii?"

"Niwaambie nini?"

"Kuhusu birika."

"Mama alisema mteja hatajwi."

"Hata wakikutupia sweta kwa nguruwe?"

"Hata."

Akachagua maharagwe kidogo. "Wewe ni mjinga, Trufena."

"Sawa."

"Mimi ningesema."

Nilimwambia asiseme. Nilimwambia kwamba kule nyuma ya pazia ndiko ada yangu ya shule inakotoka, na mkaa, na hata ile sadaka ambayo baba yake huihesabu. Alinisikiliza akiwa ameshika haragwe moja mkononi. Akasema kwao hakuna aliyewahi kumwambia jambo na kumtarajia alifiche. Aliambiwa tu beba, akabeba. Kisha tukapigiwa kengele ya uji, na tangu siku hiyo yeye alikata mkate wake mzima na kuniwekea kipande juu ya nusu yangu, mbele ya wale wasichana wa Gatina. Nao walimwita Mama Machicha. Hakucheka tena pamoja nao.

Siku ya kufunga kambi wazazi walikuja na lori la kanisa. Palipikwa wali na nyama, chumba cha kulia kikapambwa kwa maua ya porini, na viti vya mbele wakapewa wazee wa kanisa na wake zao. Mama yangu naye alikuja. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, amefunga kitambaa chake cheupe cha ushirika, na ndani ya leso yake kulikuwa na yai la kuchemsha aliloniletea. Nililiona lile umbo la yai kabla sijauona uso wake vizuri.

Kilele cha siku kilikuwa ushuhuda. Wiki nzima Dada Jerusha alikuwa ametufundisha kwamba ushuhuda wa nusu ni uongo mzima, kwamba mtoto akiungama aseme yote, asiache hata kipande, ataje na mahali na watu. Ndivyo walivyofanya wakubwa katika kanisa letu, wakisimama Jumapili na kutaja dhambi zao, na tuliwaona wakirudi kukaa nyuso zimeng'aa. Wakubwa, hata hivyo, walijua cha kuruka. Sisi hakuna aliyetuambia kwamba kuna cha kuruka. Hilo ndilo lililokuwa kosa la kambi ile: waliwafundisha watoto wa wazee wa kanisa kusema kweli, kisha wakawaweka wazee wenyewe viti vya mbele. Na Dada Jerusha alimchagua Nyokabi afungue, kwa sababu alikuwa binti wa Mzee Njuguna na alidhani atasema shairi.

Nyokabi alisimama mbele, mikono nyuma.

"Bwana asifiwe. Jina langu ni Nyokabi. Nimeokoka kwa sababu ya kambi hii. Dhambi yangu ni kwamba nilimcheka Trufena na kumwita Machicha, na mimi ndiye hubeba birika la baba kila Jumapili tukitoka kanisani, naenda kwa mama yake. Watu wakiniuliza nasema ni chai. Si chai. Naomba Yesu anisamehe, na Trufena anisamehe."

Kisha akamtazama baba yake, kama mtoto aliyemaliza kufagia uwanja wote na anangoja kusifiwa.

Mtu mmoja alikohoa. Halafu Mzee Njuguna akasimama, polepole, akavua kofia. Alikuwa anatabasamu. "Bwana asifiwe sana," akasema. "Mtoto wangu ametumiwa na Mungu. Hakuelewa alichobeba, lakini Mungu amefunua. Kwenye ploti yangu kuna pombe! Mimi nilikuwa silijui hili. Naahidi mbele zenu, nitaisafisha." Akainua mkono. Wakasema Amina. Walisema kwa nguvu, viti vyote vya mbele, na wapishi pale dirishani, na Dada Jerusha huku analia machozi ya furaha. Kisha vichwa vyote vikageuka nyuma kumtazama mama yangu. Yeye alikuwa bado ameshika yai.

Katika lori wanawake walikusanya sketi zao ili zisimguse. Mama alinimenyea lile yai, akalipuliza kama vile lilikuwa bado moto. "Mama, kula," aliniambia. Huniita mama akiwa na huzuni. Nilikula. Nyokabi alikuwa mbele, karibu na dereva, kati ya baba yake na dirisha, na niliona kisogo chake tu.

Mzee Njuguna alikuja kesho yake na fundi. Hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa sauti ya chini siku zote.

"Mama Trufena, mimi sina ubaya na wewe. Hii ni kazi ya Bwana."

"Naona," mama akasema. "Na birika, mzee? Nalo litang'olewa?"

"Birika gani?"

"La buluu."

"Hayo ni maneno ya mtoto."

Fundi aliondoa bawaba, akauinua mlango begani, akatoka nao, na mwanga ukaingia chumbani mpaka nyuma ya pazia, ukalipata pipa. Majirani walisimama kutazama, wengine wakiwa wateja wetu. Hakuna aliyesogea kumsaidia mama. Walijua na wao wana milango. Nyokabi alikuwa upande wa pili wa michongoma. Mkono wake mmoja ulikuwa umevimba, na alikuwa akiubeba kwa mkono mwingine, kwa namna ile ile aliyokuwa akibeba birika.

Kufikia jioni tulikuwa tumehamia Kibera, upande huu ambao sasa unaitwa Soweto West, kwa dada mmoja wa mama. Kanisa lilimtenga mama na meza ya Bwana. Alikubali, akaimba nyimbo zake nyumbani. Lakini mimi Jumapili iliyofuata nilirudi Kawangware kwa miguu, kwa sababu msichana mmoja alikuwa ameniletea habari: Nyokabi atasimama kanisani kutengeneza ushuhuda wake. Ndivyo walivyosema, kutengeneza. Alitakiwa kusema kwamba mambo ya birika aliyatunga, kwamba shetani alimtumia kumchafua baba yake.

Sikuingia. Nilisimama nje, kwenye dirisha lililokosa kioo, kati ya wanawake waliokuja na watoto wachanga. Mzee Njuguna mwenyewe alimpeleka mbele, akamshika bega. "Haya, mwanangu. Waambie." Nyokabi alisimama. Alitazama watu. Mchungaji akamhimiza, akamwambia Mungu anapenda moyo uliovunjika. Baba yake akainama akamnong'oneza kitu sikioni, na niliona vidole vyake vikiubonyeza ule mkono uliovimba. Nyokabi akafumba macho. Watu wakaanza kuimba pambio ili kumpa ujasiri, wakaimba tena, wakaimba mpaka wakachoka, na yeye alikuwa bado amesimama, mdomo umefungwa, machozi yakitiririka kidevuni na kulowesha kola. Hakusema. Mwishowe mchungaji alifunga kwa sala kana kwamba amesema.

Hakusema tena kanisani maisha yake yote. Hilo nalijua kwa sababu kila mtu Kongo na Gatina alilijua na wakalifanya kichekesho: binti wa mzee wa kanisa aliye bubu wa ibada. Alimkatisha baba yake tamaa. Alitolewa shule akawekwa dukani, akaolewa mapema, akazaa, akafiwa na mume. Alihudhuria kila Jumapili, akakaa, akaenda zake. Mimi na yeye tulionana mara chache, sokoni, akanishika mkono kwa muda mrefu, tukaulizana habari za watoto. Nilipoanza kambi yangu, kila Agosti lilifika furushi la mablanketi mazito bila jina la aliyeyatuma. Sikuuliza. Mteja hatajwi.

Mwezi uliopita nilienda Gatina kumzika. Hema lilifungwa katika uwanja wa ploti, chini ya ghorofa ambazo mdogo wake, Kariuki, amejenga pale ambapo familia ina ardhi yake nyingine. Kariuki sasa ni mzee wa kanisa kama baba yao. Mchungaji ni kijana, hana kosa, alihubiri alichoambiwa. Alisema marehemu alikuwa mtu mwema lakini baridi. "Miaka yote hiyo katika nyumba ya Mungu," akasema, "na hakuwahi kusimama kutoa ushuhuda hata siku moja. Wapendwa, msimwige katika hilo." Binti wa Nyokabi, Wairimu, alikuwa ameketi karibu na jeneza. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyepigwa.

Walipowaita marafiki waseme kwa kifupi, nikanyanyuka. Nilisema Nyokabi alitoa ushuhuda mara moja, katika kambi ya watoto, na ulikuwa kamili. Nikausema kama alivyousema, na birika ndani yake. Nikasema kwamba mara ya pili aliambiwa atoe uongo, akanyamaza, na kwamba kimya kile ndicho walichokiita baridi. Nilipofika hapo spika ikazima. Kariuki alikuwa amempa fundi wa mitambo ishara.

"Mama, tuheshimu marehemu mzee wetu," akasema kwa sauti ya chini, sauti ile ile ya baba yake.

"Ninamheshimu," nikamwambia. "Ndiyo maana nimetaja birika tu."

Bibi kizee mmoja katika hema akacheka, akajiziba mdomo kwa leso. Wairimu akainua kichwa. "Shosho, endelea," akasema. "Tunakusikia hata bila spika." Nikaendelea mpaka mwisho. Nilipoketi hakuna aliyesema Amina. Baadaye chakula kilipogawanywa, sahani zilipita mbele yangu na nyuma yangu, na yangu haikufika. Wairimu alikuja na sahani yake, akavuta kiti, akaigawa chapati yake, na kipande alichonipa kilikuwa kikubwa kuliko alichojibakizia. Hakuna aliyemfundisha hivyo siku ile. Nilikula.

Katika kambi yangu hakuna ushuhuda wa kulazimishwa. Watoto huniuliza. "Shosh, kwani sisi hatusimami mbele?" Nawaambia mwenye shukrani aimbe, mwenye dhambi amwambie Mungu, na mkate hukatwa sawa. Tunawapanga wawili wawili chini ya blanketi moja, mtoto wa ghorofa na mtoto wa mabati, kama Dada Jerusha alivyofanya, Mungu amlipe kwa hilo moja. Mzazi akiniuliza tena mtoto atarudi na nini, sasa najua. Atarudi akiwa na mtu mmoja duniani ambaye waliwahi kupashana joto. Inaweza kumgharimu. Sisi ilitugharimu mlango, na kama ningeulizwa tena kati ya ule mlango na yule mtoto aliyekataa kusema uongo juu yangu huku mkono wake unabonyezwa, ningeung'oa mwenyewe.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akubariki uingiapo na utokapo. Akupe mkate mzima. Akupe mtu wa kukutandazia blanketi bila maneno. Na siku watakapokusimamisha mbele ya watu na kukuimbia pambio ili useme uongo, aufunge mdomo wako kama alivyoufunga mdomo wa Nyokabi, mpaka wachoke wao kuimba.